Mavi Yaliyooshwa kwa Heshima

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, kwanza natazama nani yuko karibu. Akiwa kijana mwenzangu wa mtaani kwetu Kizwite namwambia ukweli, kwamba naokota mavi ya wanyama. Akiwa mtu wa ofisini nasema mimi ni msaidizi wa utafiti wa vinasaba. Akiwa mama mkwe wangu sisemi kitu. Nakohoa, naitazama dari, na kumsubiri mke wangu abadilishe mazungumzo.

Kazi yenyewe haina aibu yoyote, niieleze mara moja halafu tuendelee. Mnyama anapojisaidia, ule mzigo ukiwa njiani hukwangua utumbo wake na kutoka na chembe zake ndogo ndogo, kama msumari wa mlangoni unavyobaki na nyuzi za sweta. Chembe hizo hukaa juu juu, kwenye ngozi ya nje ya mavi. Ukizikwangua kwa uangalifu, ukazitia kwenye kichupa chenye spiriti na kuzipeleka maabara, utaambiwa huyo ni mnyama gani, dume au jike, na kama ni yuleyule aliyepita hapo mwaka jana au ni mwingine kabisa. Hukumtega, hukumchoma sindano ya usingizi, hata kumwona hukumwona. Yeye yuko zake msituni na hajui kama ameshahojiwa. Manyoya na mate nayo yanasema, ila mavi ndiyo yanayopatikana kwa urahisi.

Mradi ulikuwa wa chuo fulani cha mbali. Walitaka kujua ni wanyama gani walao nyama ambao bado wanapita kwenye nyanda zetu za Ufipa, maana mashamba ya mahindi na ngano yamepanda milima hadi karibu na msitu wa Mbizi, na watu wengi walikuwa wanaamini chui amebaki kwenye hadithi tu. Wasomi walikaa na kompyuta zao, mimi nikawa miguu yao. Kila wiki nilipanda milimani na mkoba wangu, na kila nikijaza boksi nililipeleka stendi lisafiri na basi kwenda maabara Morogoro. Karani wa mizigo alikuwa ananiuliza swali lilelile.

"Ni vitu vinavyoharibika?"

"Vilishaharibika kabla sijavichukua," nilimjibu siku moja, na tangu hapo akawa analishika boksi langu kwa ncha za vidole.

Ugumu mmoja ni kwamba kazi hii naifanyia Sumbawanga. Watanzania wenzetu wa mikoa mingine wakisikia tu jina la mji wetu huanza kucheka na kutuuliza kama tunasafiri kwa ungo kama wachawi, na sisi tumechoka kuwajibu. Sasa chukulia wewe ni mwenyeji, umeamka alfajiri kwenda shamba, unamkuta mtu mzima amechutama kwenye mpaka wako, amevaa glovu, anakwangua mavi kwa kijiti na kuyatia kwenye kichupa, tena anazungumza peke yake. Nilikuwa narekodi maelezo kwenye simu, lakini hilo utamweleza nani akishakimbia? Nimeitwa ofisi za mitaa na vijiji kujieleza mara nyingi kuliko mwanasiasa yeyote wa mkoa huu.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya suala la mama mkwe. Kwa ukoo wa mke wangu, ambao ni Wafipa wa Pito walioshika adabu kwa mikono miwili, mkwe wa kiume hatamki neno lolote la chooni mbele ya mama wa mke wake. Hali naye chakula pamoja, hamkazii macho, hampi mkono. Akibanwa na haja anaaga kwamba anakwenda kuitazama pikipiki. Mimi nimeitazama pikipiki mara nyingi pale nyumbani hadi baba mdogo wa mke wangu akaniita pembeni kuniuliza kama nimeuziwa mbovu.

Kwa hiyo tangu nilipooa, mama mkwe alijua tu kwamba nafanya kazi ya porini inayohusu wanyama, na kwamba ni kazi safi. Mshenga wangu ndiye aliyesema safi, mimi sikumtuma.

Mama mkwe ni mjane, anaishi peke yake Pito, ana shamba la mahindi na maharage, na alikuwa na mbwa jike mwekundu mwenye sikio moja lililolala. Tangu baba mkwe afariki, mbwa yule alikuwa analala mlangoni kwake, na mama akikohoa usiku, mbwa anagonga mlango kwa mkia. Mama alikuwa anasema huyo ndiye anayemjulia hali. Alikuwa anasema kwa utani, lakini nadhani ulikuwa ukweli.

Jirani yake wa upande wa mlimani ni mfugaji, mzee mmoja Msukuma aliyehamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa miaka mingi iliyopita. Ana ng'ombe, ana kondoo, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kugombana na mama mkwe kwa kitu kikubwa kuliko ng'ombe kuonja mahindi. Halafu kondoo wake wakaanza kuuawa. Akafa mmoja, akafa mwingine, na asubuhi moja mzee akamkuta mbwa wa mama mkwe kwenye mzoga wa kondoo wa tatu, mdomo umejaa damu, analamba kwa utulivu kama mtu aliyealikwa.

Kwetu mbwa akishaonja kondoo hana tiba. Hupigwa akafa, na mwenye mbwa huishia kulia ndani. Mzee wa watu hakumpiga. Alimfunga kamba, akamkokota hadi kwa mwenyekiti wa mtaa na kudai haki yake.

Mama mkwe akampigia simu binti yake. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hupenda kuniita fundi wa mavi mbele ya mashoga zake, siku hiyo alinipandisha cheo.

"Mama, usilie," nilimsikia anasema. "Mume wangu ana kipimo. Kinamtaja mnyama aliyeua, hata kama amekimbia."

Nilimpungia mikono anyamaze. Akanigeuzia mgongo na kuendelea kunisifu.

Kikao kilifanyika kesho yake mbele ya ofisi ya mtaa. Mfugaji alieleza kilichotokea bila kuongeza chumvi.

"Mimi simwonei mtu," alisema. "Mama huyu ni jirani yangu, tunasaidiana. Lakini nimemkuta mbwa wake na damu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?"

Mama mkwe alisema mbwa wake alikuta mzoga tayari, akalamba kama ambavyo mbwa yeyote angelamba. Watu wakagawanyika. Mwenyekiti, ambaye hapendi kesi za wanyama kwa sababu hakuna upande unaokubali kushindwa, aliposikia kuna kipimo alikidaka. Akaamua mbwa asiuawe hadi majibu yatoke. Kwa wakati huo atakaa kwa mwenyekiti mwenyewe, amefungwa. Majibu yakisema ni yeye, atapigwa siku hiyohiyo. Yakisema siyo, atarudi kwao.

"Na kama kipimo hakitasema kitu?" mtu mmoja akauliza.

"Basi tutarudi kwenye damu tuliyoiona," mwenyekiti akajibu, na mama mkwe akavuta khanga yake mabegani kana kwamba ubaridi umeongezeka.

Sasa kazi ikawa yangu. Mizoga ilishaliwa, si na muuaji tu bali na watu wa pale pamoja na mwenye kondoo, kwa hiyo hapakuwa na jeraha la kuchukulia mate. Nilichohitaji ni mavi yenye sufu ya kondoo ndani yake, yaliyoachwa karibu na zizi. Aliyekula kondoo lazima angetoa sufu, na juu ya sufu hiyo angekuwa ameacha chembe zake mwenyewe. Nilikata manyoya machache ya mbwa kwa ajili ya kulinganisha, nikazunguka zizi lile na kichaka chote cha jirani, sikupata kitu. Mimi nilikuwa na safari ya Chala kwa kazi ya mradi. Mtu pekee aliyekuwa anapita njia ile kila alfajiri, tena mwenye macho makali, alikuwa mama mkwe.

Ilinibidi nimwombe. Nilisimama uani kwake, nikautazama mti wa parachichi, nikaanza.

"Mama, asubuhi unapopita kule nyuma ya zizi, kama utaona, yaani, mnyama akiwa ameacha... kile ambacho mnyama huwa anaacha... na ndani yake kuna sufu..."

"Nimeelewa, baba," akasema, naye akiutazama mti uleule.

"Naomba uniwekee."

"Nitakuwekea vizuri."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuendelea. Nilitakiwa kusema asiyaguse kwa mkono, asiyasogeze, ayafunike na kunipigia simu. Vijana wa mradi niliwafundisha hayo mara moja na wakaelewa. Lakini kila sentensi niliyoitunga kichwani ilikuwa na lile neno katikati, na kila nilipojaribu kulizunguka nilijikuta natokezea chooni. Nikasema asante mama, nikaenda kuitazama pikipiki.

Niliporudi kutoka Chala, aliniita. Nilimkuta amevaa kitenge kipya. Alitoka ndani amebeba ungo, na juu ya ungo kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho huwekwa juu ya viti wageni wakija. Akapiga goti kidogo na kunikabidhi kwa mikono miwili. Nami nikapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nikakifunua.

Yalikuwa mavi, ndiyo. Lakini sijawahi kuona mavi safi namna ile. Alikuwa ameyaosha. Baadaye niliambiwa aliyaosha mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni ya mche, akayaminya, akayaosha tena, kisha akayaanika juu ya jiko. Ile sufu ya kondoo ilikuwa nyeupe kabisa, imechambuliwa, ingefaa hata kujazia mto. Harufu iliyokuwepo ni ya sabuni. Na ile ngozi ya nje, mahali ambapo chembe zote za muuaji zilikuwa zimekaa zikinisubiri, ilikuwa imekwenda na maji hadi kwenye shina la mgomba.

"Kuna kasoro, baba?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Ni mazuri sana."

Nilitamani kulia na nilitamani kucheka, na kwa adabu sikufanya chochote. Nilikwangua nilichoweza kukwangua, nikakitia kwenye kichupa, nikakipeleka stendi nikiomba Mungu kwamba sabuni ya mche si kali kama inavyotangazwa.

Majibu ya maabara hayana haraka. Kipupwe kikaingia, upepo ukaanza kuvuma kutoka mlimani, watu Pito wakawa wanavaa makoti mawili mawili, na mbwa bado yuko kwa mwenyekiti. Siku za mwanzo alikuwa amefungwa kweli. Baadaye kamba ikawa ndefu, kisha ikawa ya kuonyesha tu wageni. Mwenyekiti ana mbwa dume mkubwa mweusi, na nyumba yake ni ya watu wenye uwezo, mifupa haikosekani. Mama mkwe alikuwa anampelekea mfungwa wake ugali na mchuzi wa dagaa kila siku. Mfungwa alikuwa ananusa ugali, anamtazama mama kwa upendo mkubwa, na kurudi kwenye mfupa.

Kitu kimoja kilikuwa kinamnyima mama usingizi. Tangu mbwa afungwe, hakuna kondoo aliyeuawa. Watu walianza kulisema hilo kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu na kwa mwenyekiti, na kanisani baada ya misa. Hata waliokuwa upande wake walianza kumtazama kwa huruma, na huruma ya namna hiyo ni hukumu tayari.

Halafu fundi wa maabara akanipigia simu. Ni kijana mcheshi, na siku hiyo alikuwa anacheka hata kabla ya salamu.

"Kaka, mambo! Hivi safari hii umetutumia nini? Ile ya Pito imetoka binadamu."

"Binadamu?"

"Binadamu mtupu. Mwanamke. Hakuna mnyama mwingine tuliyemkuta. Kaeni vizuri huko Sumbawanga, jamani."

Yeye alicheka, mimi nikaagana naye haraka. Nilijua mara moja kilichotokea. Mwanamke yule ni mikono ya mama mkwe, iliyominya na kuchambua sufu. Lakini nani mwingine angejua? Mama mkwe ni mjane, anaishi peke yake pembezoni mwa mlima, kondoo wa jirani wanakufa usiku, na sasa kinakuja kipimo kutoka Morogoro kinasema aliyekula kondoo ni mwanamke. Watu wa mikoa mingine hututania kuhusu ungo, ila siku ile sikuona utani wowote. Najua wanawake wazee wanafanywa nini kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliogopa kuliko ninavyoogopa porini.

Nilimwambia mke wangu. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akakaa kitandani. "Usiseme," akaniambia. Lakini nisiposema, kipimo hakina majibu, na mwenyekiti alishasema mbwa atahukumiwa kwa ile damu. Tulizunguka hapo jioni nzima na hatukufika popote.

Siku ya kikao watu walijaa kuliko siku ya kwanza, maana habari ya kipimo ilishavuka mitaa. Mama mkwe aliketi mbele kabisa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake, ameshika kamba mpya aliyonunua kumrudishia mbwa nyumbani.

"Mtaalamu," mwenyekiti akasema, "tuambie."

"Sampuli iliharibika," nikasema. "Naomba muda nichukue nyingine."

Minong'ono ikaanza. Mfugaji akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Iliharibikaje, mtaalamu? Sisi tumesubiri. Kama ni mbwa, sema mbwa. Mama huyu nitamsaidia kumzika mbwa wake, mimi mwenyewe nitachimba."

"Ilishikwa na mikono ya mtu. Kipimo kikaona mtu badala ya mnyama."

"Mikono ya nani?"

Nikatazama juu, lakini pale nje hapakuwa na dari. Mwenyekiti akasema kama mtaalamu hana la kueleza, basi twende kwenye ushahidi wa macho, na kijana mmoja akanyanyuka kwenda kumleta mbwa. Ndipo mama mkwe akasimama.

"Ni mikono yangu," akasema. "Niliyaokota mimi, nikayaosha mimi."

"Uliyaosha?" mwenyekiti akauliza. "Mama, mavi unayaosha kwa nini?"

Mama mkwe alimtazama kama anayetazama mtoto aliyelelewa ovyo.

"Mkwe wangu ameniomba kitu. Ningempa mkwe wangu mavi machafu?"

Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia tena. Mwenyekiti alificha uso kwenye kofia yake. Mfugaji alicheka hadi akalazimika kuishika fimbo kwa mikono miwili. Ila wanawake waliokuwa mkekani hawakucheka hata mmoja. Wao walitikisa vichwa kumuunga mkono. "Kweli kabisa," mmoja akasema kwa hasira. "Angempaje machafu? Mkwe!" Mwingine akasema kosa ni la hicho kipimo, kipimo gani kinachotaka uchafu. Nilipoeleza kwamba mwanamke aliyeonekana maabara ni yule aliyekuwa anaosha, mzee mmoja akadakia kwamba hata yeye asingependa kupimwa pamoja na sabuni, na watu wakaanza kucheka upya. Ile habari niliyoiogopa usiku kucha ilipita katikati yao na hakuna aliyeishika.

"Basi utufundishe sote," mwenyekiti akasema akifuta machozi. "Tuyachukueje?"

Nikamtazama mke wangu, akatazama pembeni. Nikaanza tena safari yangu ya kile ambacho mnyama anaacha. Mama mkwe akanikatisha.

"Baba, sema tu mavi," akasema kwa upole. "Tutakaa hapa hadi lini? Nimelea watoto, nimefuga mifugo. Nimeyaona."

Nikasema mavi. Nililisema mbele ya mama wa mke wangu na ukoo wake, mchana kweupe, na mbingu haikuanguka. Nikaomba kiazi kilichochemshwa kwa mama muuza chai, nikakiweka chini na kuwaonyesha: usiguse, usisogeze, funika kwa chombo, nipigie. Baada ya somo nilikirudisha kile kiazi kwa mwenyewe lakini hakuna aliyekubali kukila.

Mwenyekiti alitoa nafasi moja ya mwisho. Na aliyeitumia ni mfugaji mwenyewe. Siku chache baadaye alinipigia simu, anahema. Alikuwa anatafuta ndama chini ya mwamba mmoja upande wa msituni, akakuta mavi makavu yenye sufu, mahali ambapo mvua wala jua havifiki.

"Njoo haraka," akasema. "Nimeyalinda."

Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye jiwe na fimbo mapajani, mikono yote miwili ameivika mifuko ya nailoni, mbele yake sufuria limefudikizwa chini na kuwekewa jiwe juu. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amewafukuza mbali. Na pembeni yake aliketi mama mkwe na chupa ya chai, maana mzee alipopita kuazima sufuria, mama hakutaka sufuria lake liende peke yake. Walikuwa wameketi hapo tangu asubuhi, anayemshitaki mbwa na mwenye mbwa, wanapasiana kikombe. Nilifunua sufuria. Yalikuwa machafu kabisa, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata.

Safari hii fundi wa maabara hakucheka.

"Kaka, hongera," akasema. "Ni chui. Jike. Wakubwa hapa wamefurahi, wanasema hawakutegemea."

Wakubwa walifurahi kwa sababu zao, mimi nilikimbilia pikipiki kwa sababu yangu. Mwenyekiti aliwaita watu, akatangaza mbwa hana hatia. Mfugaji akamwendea mama mkwe na kumwomba radhi mbele ya wote. Akasema ataongeza miiba kwenye zizi na kulala na tochi. Mama akasema hakuna ubaya, hata yeye angemshika. Halafu akaenda na kamba yake mpya nyuma ya kihenge cha mahindi cha mwenyekiti, kumchukua mbwa wake.

Alikuwa amelala na watoto. Wekundu wengine, weusi wengine, vipofu bado, wote wamemng'ang'ania.

Tulisubiri wakue kidogo. Mama akamfuata, akamfunga kamba, mbwa akaenda naye bila ubishi, na asubuhi mama alipofungua mlango hapakuwa na mbwa. Alikuwa amerudi kwa mwenyekiti. Akamfuata tena. Ikawa vilevile. Mbwa alifurahi sana kila alipomwona, alimlamba mikono, alimsindikiza hadi kwenye kona ya njia, kisha akasimama hapo na kugeuka.

Hasira zilinishika. Baada ya sabuni, simu, kiazi na aibu yote ile! Nilimwambia mama nitakwenda kumchukua mimi mwenyewe, nimfungie ndani wiki nzima hadi azoee. Mbwa akikataa, nitamletea mama mtoto mmoja wa mbwa huyo. Sheria iko upande wetu, nikasema, kipimo kipo.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuninyanyulia macho.

"Mwache, baba. Nilitaka asiuawe, na hakuuawa. Mimi nimeshaozesha, najua inavyokuwa."

Akapeperusha makapi, akayatazama yanavyochukuliwa na upepo.

"Tena huyu namwona kila nikienda kusaga," akasema. "Niliyemwozesha kwenu Kizwite sijamwona tangu siku ile ya kikao."